Jiwe Siku ya Mtakatifu Luka

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Luka, Tihomir aliingia chooni akipiga mluzi, na baada ya hapo mluzi haukusikika tena.

"Tihomir!" Mkewe, Ljubinka, aligonga mlango kwa mwiko. "Umehamia humo? Padri yuko ngazi za chini, na mshumaa haujawashwa!"

"Nakuja."

"Ulisema hivyo nikiwa namenya vitunguu. Sasa vimeshaiva."

Tihomir alikuwa ameinamia sinki, paji la uso limegandamana na kioo, anahema kama mbwa wa kiangazi. Maumivu yalikuwa yameanzia mgongoni, upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, kisha yakateremka taratibu hadi kwenye kinena, mithili ya watu wanaoshusha kabati zito ngazi kwa ngazi na kuligonga kila kona. Na ndani ya choo, maji yalikuwa mekundu.

Aliyatazama. Akavuta maji. Yalipotulia akavuta tena, ingawa safari hii hapakuwa na kitu cha kuondoa.

Tihomir alikuwa dereva wa basi la Kraljevo kwenda Belgrade, na abiria walimsifu na kumlaani kwa jambo lilelile: hasimami njiani. Mtu akija mbele amebana mapaja, Tihomir humwambia, "Vumilia, ndugu, mbona mimi navumilia." Ili avumilie vizuri, alikuwa hanywi maji kuanzia alfajiri mpaka arudi nyumbani. Kahawa ndogo nyeusi, basi. Maji, alisema, ni ya radieta.

Daktari alikuwa hamjui hata kwa sura. Kisa ni kwamba nyumba yao iliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Luka, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, na wanaume wa ukoo ule, babu, baba na sasa Tihomir, walimheshimu sana tabibu huyo mmoja kwa kuwa alikaa ukutani ndani ya fremu na hakuwa na sindano. Baba yake ndiye pekee aliyewahi kwenda hospitali, kwa ajili ya figo. Tihomir hakupenda kuizungumzia habari hiyo.

"Una nini?" Ljubinka aliuliza alipofungua mlango. "Umekuwa mweupe kama jibini."

"Nimenyoa."

"Umenyoa damu yote?"

Neno hilo lilimfanya ashtuke, lakini padri alikuwa amekwisha bonyeza kengele.

*

Mkate wa sikukuu ulikatwa, ukamwagiwa mvinyo, mshumaa ukawaka, padri akala, akabariki, akaenda nyumba nyingine. Mchana wageni wakaanza kuingia. Siku ya mtakatifu wa nyumba mwenyeji hakai. Anasimama tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho, anamimina, anagawa, anaondoa sahani, na heshima yake inapimwa kwa miguu yake. Miaka yote Tihomir alikuwa akiiba dakika mbili tatu za kukaa jikoni. Mwaka huu hakukaa kabisa, kwa sababu kukaa kulimuuma zaidi.

"Mtazameni mwenyeji huyo!" alisema jirani mmoja mzee, mdomo umejaa nyama. "Hata kuegemea hataki! Wanaume wa namna hii wamebaki wachache."

Tihomir alitabasamu kwa meno yaliyoumana.

Lakini macho yote ya nyumba ile yalikuwa kwa mgeni mwingine. Nevena, binti yao wa pekee, alikuwa amemleta mchumba wake, Strahinja, na Strahinja amemleta mama yake kwa mara ya kwanza. Mama mwenyewe ndiye Mwalimu Dobrila, mwembamba, mnyoofu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alikuwa amefundisha biolojia pale mjini mpaka akastaafu. Nusu ya mji ilifaulu mikononi mwake. Nusu nyingine ilifeli, na bado ilivuka barabara ikimwona anakuja. Miodrag, kaka yake Ljubinka, alikuwa wa nusu hiyo ya pili. Mwalimu alipoingia tu, mtu mzima huyo mwenye kitambi na mvi aliificha sigara chini ya meza.

"Miodrag," alisema Dobrila bila kumtazama, "unaunguza kitambaa cha dada yako."

Ljubinka alikuwa ameshona pazia jipya, ameazima vikombe kwa jirani, amemwonya kila mtu asitukane. Hakumwonya mumewe, kwa kuwa mumewe hakuwa mtu wa matatizo.

Tihomir alikuja na chupa ya rakija, pombe ya plamu waliyoipika wenyewe, ili amkaribishe mkwe mtarajiwa. Alipoinama kumimina, kabati lile likashuka ngazi nyingine. Mkono ukatetemeka. Rakija ikapita pembeni ya glasi, ikatua kwenye sketi ya Mwalimu Dobrila.

"Samahani, Mwalimu. Samahani sana." Jasho lilikuwa linamdondoka puani. "Karibu. Jisikie uko nyumbani." Akageuka, akakimbilia chooni.

Hakuwa na chochote cha kutoa humo, matone mawili tu yenye moto. Alirudi, akagawa supu, akakimbia tena. Akarudi, akagawa majani ya kabichi yaliyofungwa nyama ndani, akakimbia tena.

Miodrag hakuweza kujizuia. "Haya, jamani! Dereva asiyesimama mpaka Belgrade, leo ana vituo vingi kuliko treni ya mizigo!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Jirani mzee alicheka hadi akapaliwa. Tihomir, nyuma ya ukuta mwembamba kama kadibodi, alisikia kila kitu. Kisha akasikia sauti ya chini ya Mwalimu Dobrila, anamwambia mwanawe:

"Tukimaliza nyama, tunaondoka."

"Mama, kwa nini?"

"Anatoka jasho, anatetemeka, anayumba, hajui anamimina wapi. Na bado ni mchana. Mlevi mmoja nilishamzika, Strahinja, naye alikuwa baba yako. Sina nguvu za kupata mwingine kwa njia ya mkwe."

Tihomir alikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Alikuwa na njia moja ya kujitetea, nayo ilikuwa kutoka pale na kusema, mbele ya watu wanaokula, kwamba anakojoa damu. Alipima aibu hizo mbili. Akaona bora ulevi.

*

Ljubinka alimkamata jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Inama."

"Nini?"

"Inama nikunuse." Akamnusa mdomo, akamnusa shingo, hata mifuko. Hasira ikamwisha usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi ya hasira. "Hujanywa. Hujanywa hata tone. Tihomir, una nini?"

"Nimekula kitu."

"Hujala kitu! Nakuangalia tangu asubuhi."

"Basi ni njaa."

Alitaka kuongeza neno, lakini maumivu yalikuja na uzito wote. Alijikuta sakafuni kwa miguu na mikono, mgongo ameuelekeza kwenye oveni yenye moto, maana joto lilimsaidia kidogo, huku akitoa sauti ambayo Ljubinka aliwahi kuisikia kwa ng'ombe wa shangazi yake tu.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Dobrila alikuwa amekwisha vaa koti, amekuja kuaga kwa adabu.

"Bwana Tihomir," alisema, "unatafuta nini huko chini?"

"Kifungo, Mwalimu."

"Kifungo gani?"

Tihomir alifikiri. "Cheupe."

Dobrila alivaa miwani. Akamtazama kwa makini, kisha, kwa mshangao wa wote, akapiga magoti sakafuni na koti lake zuri.

"Maumivu yanakuja na kuondoka?"

"Ndiyo."

"Yanaanza mgongoni, yanashuka?"

"Ndiyo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka huko."

"Huko wapi? Nimefundisha darasa la nane maisha yangu yote. Hakuna neno utakalonishtua nalo."

"Kwenye mapumbu, Mwalimu."

Ljubinka alifanya ishara ya msalaba.

"Na mkojo una rangi gani?"

Tihomir alimtazama mkewe, akatazama vigae. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo tangu mama yake alipomvua nepi.

"Bwana Tihomir, rangi gani?"

"Kama mvinyo."

"Mweupe au mwekundu?"

"Mwekundu."

Ljubinka aliokota kitambaa cha vyombo, akampiga nacho mgongoni, mara moja, halafu akalia. "Mgeni! Imebidi mgeni aje kuniambia mume wangu anakojoa damu! Nakufulia chupi zako, Tihomir, nakukata kucha za miguu, na hiki ndicho cha kunificha?"

"Nilikuwa nasubiri wageni waondoke."

"Na ungeondoka nao!"

Dobrila alimwekea mkono kwenye paji la uso. Hakuwa na homa. Hakuwa akitetemeka kwa baridi. "Basi ni jiwe," alisema, akainuka, akavua koti. "Mama Nevena, chemsha maji, jaza chupa, mfunge mgongoni. Na mniletee sahani."

*

Kelele zilikuwa zimewavuta wote. Nevena na Strahinja walisimama mlangoni, nyuma yao Miodrag na uma wake, nyuma ya Miodrag shingo ndefu ya jirani mzee. Tihomir alikuwa amelala juu ya zulia dogo la jikoni na chupa ya moto mgongoni, amekata tamaa ya heshima, na kwa kuwa hakubaki na chochote cha kulinda, alijisikia nafuu kidogo.

Dobrila aliweka kabichi mbili zilizofungwa nyama juu ya sahani, moja huku, moja kule. "Figo. Miodrag, binadamu ana figo ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Hatimaye." Akashika uzi wa kufungia nyama, akauvuta kutoka kwenye kila kabichi hadi kwenye nyanya aliyoiweka chini yake. "Damu yako yote, Bwana Tihomir, inapita hapa, inazunguka, inarudi, mchana na usiku hata ukiwa umelala. Figo zinaichambua. Hiki kinafaa, kibaki. Hiki ni uchafu, kitoke."

"Kama Ljubinka kwenye kabati langu," alisema Tihomir kutoka sakafuni.

"Nyamaza wewe," alisema Ljubinka, lakini alikuwa amemshika mkono.

"Uchafu hautembei kwa miguu. Unabebwa na maji. Unateremka kwenye mrija huu, unakusanyika kwenye kibofu," akagusa nyanya, "na kibofu kikijaa kinakwambia nenda. Sasa, wewe unakunywa maji kiasi gani?"

"Maji ni ya radieta," alisema Nevena. "Ndivyo anavyosema."

Dobrila alifumba macho kama mtu aliyesomewa jibu la mtihani alilolitegemea. "Basi chumvi inabaki, inashikana, inakuwa mchanga, na mchanga unakuwa jiwe. Jiwe likiingia kwenye huu uzi, uzi unajikaza kulisukuma. Kule kujikaza ndiko kunakokupigisha magoti."

Jirani mzee aliuliza kama zile kabichi mbili bado zinalika. Miodrag aliweka uma wake juu ya friji.

"Mwalimu," Tihomir aliuliza kwa sauti ndogo, "nitakufa?"

"Siku moja. Kwa hili, hapana, ukienda hospitali."

"Hospitali siendi."

Alilisema bila hasira, kama dereva anayemwambia abiria kwamba basi halipiti njia hiyo. Ljubinka alifungua mdomo, lakini wakati huohuo uso wa Tihomir ulibadilika. Alijipapasa ubavu. Akajipapasa tena.

"Yameisha," alisema. "Yamekatika. Kama mtu amezima redio."

"Limeingia kwenye kibofu," alisema Dobrila. "Unasikia haja?"

"Kali kuliko zote nilizowahi kusikia."

"Usiende mikono mitupu! Kinga kwa chujio. Jiwe lazima lionwe na daktari."

Ljubinka alitazama ukutani, kwenye chujio la chai la marehemu mama yake, lenye mpini wa fedha. Akatazama chujio. Akamtazama mume. Akalitungua.

Tihomir aliingia chooni nalo. Watu walirudi mezani, wakakaa, na kwa kuwa ukuta ule haukuficha kitu, hakuna aliyejaribu kujifanya hasikii. Mshumaa uliendelea kuwaka. Kwanza palikuwa kimya. Kisha maji yakaanza, kidogo, yakakatika. Yakaanza tena kwa nguvu. Kikasikika kilio kimoja kifupi, halafu ndani ya chujio:

Ting!

Miodrag alirukia kiti. "Limetoka!" Meza ikalipuka kwa makofi, watu wakagongesha glasi, jirani mzee akambusu Mwalimu Dobrila mashavuni, na Nevena alicheka na kulia kwenye bega la Strahinja.

Tihomir alitoka amebeba chujio kwa mikono miwili. Katikati yake palikuwa na kitu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa amekerwa. "Hili tu?"

"Shemeji," alisema Miodrag, "hilo hata kuku angeliacha."

Dobrila alilifunga kwenye leso ya karatasi. "Nilikudhania mlevi," alisema mbele ya wote. "Nilikosea, na nakuomba radhi. Lakini nisikilize. Marehemu mume wangu alimkataa daktari kwa sababu alijua atakachoambiwa. Sitamleta mwanangu kwenye nyumba nyingine ambayo mwanaume anajifungia chooni na ukweli wake. Kesho asubuhi, hospitali. Ukienda, tutaongea habari za arusi. Usipokwenda, nitakula keki yangu niende zangu."

"Na mimi," alisema Ljubinka huku akikausha macho, "nitakwenda naye."

Tihomir alitazama uso mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta abiria wa upande wake. Hakumpata.

*

Hospitalini walikwenda wote, hata Miodrag, ambaye alisema amekuja kusindikiza jiwe. Daktari, binti mdogo mwenye mafua, alimpaka Tihomir kitu baridi tumboni, akazitazama figo kwenye skrini. Figo nzima zote mbili, alisema. Mchanga kidogo upande wa kulia. Anywe maji, mengi, kila siku, basi likisimama au lisisimame. Kilichobaki ni kipimo cha mkojo. Akampa kikombe cha plastiki, akamwonyesha mlango.

Tihomir alisimama humo ndani na kikombe chake. Hakuna kilichotokea.

"Vipi?" aliuliza Ljubinka nje ya mlango.

"Bado."

"Fungua bomba," alishauri Dobrila. "Sauti ya maji inasaidia."

Alifungua bomba. Maji ya bomba yakatoka. Yake hayakutoka.

"Fikiria mto," alisema Strahinja kwa adabu.

"Fikiria bia," alisema Miodrag.

"Baba, usijibane!" alisema Nevena, na wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakaanza nao kutoa maoni. Mama mmoja mwenye gongo alipendekeza apige mluzi, kama watu wanavyowapigia watoto. Tihomir alijaribu. Midomo ilikuwa mikavu.

Mlango ukafunguliwa kidogo, Ljubinka akaingia, akaufunga nyuma yake. Akasimama amempa mgongo, uso kwenye vigae, mkoba umening'inia mkononi.

"Sikutazami," alisema. "Lakini niambie. Kwa nini hukuniambia?"

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Tihomir alilifunga.

"Baba aliingia hapa kwa miguu yake," alisema. "Jengo hilihili. Alivaa kofia, akamtania muuguzi. Mimi nilitumwa nyumbani nikamletee pajama, maana za hospitali zilimbana. Nikarudi nazo, mama amezipiga pasi, bado zina moto. Nikakuta kitanda kimetandikwa. Kimetandikwa vizuri, Ljubinka, shuka limevutwa kona zote nne. Nikadhani nimekosea chumba. Nikaenda chumba cha pili, cha tatu, namtafuta, nimebeba pajama. Watu wananitazama na hakuna anayesema. Hakuna hata mmoja aliyesema. Nilifika mpaka mwisho wa korido."

Ljubinka hakugeuka. Aliurudisha mkono nyuma, akapapasa hewani mpaka akaupata mkanda wa suruali ya mumewe, akaushika.

"Nikaziweka pale juu ya kitanda," alisema Tihomir. "Nilizikunja tena, nikaziweka. Sijui kwa nini nilizikunja."

Nje, Miodrag alianza kusema jambo, na Mwalimu Dobrila akamkatiza kwa sauti kali:

"Kimya! Yanatoka."

Kweli yalikuwa yanatoka. Tihomir mwenyewe ndiye aliyechelewa kujua. Alitazama chini kwa mshangao, kikombe kinajaa, kinapanda, kinakaribia ukingo.

"Ljubinka, kimejaa."

"Basi sogeza."

"Bado kuna mengine."

"Basi acha yaende, mume wangu. Acha yaende."

Alitoka amebeba kikombe kwa uangalifu, macho yamekuwa mekundu, na watu wa benchi wakakusanya miguu ili apite. Mwalimu Dobrila alimpokea, akavaa miwani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku kama anayesahihisha mtihani. Mkojo ulikuwa wa njano iliyokolea, safi, bila hata chembe ya wekundu.

"Haya, mkwe," alisema. "Umefaulu."